Mafuriko na Jumamosi ya Mazoezi

"Kiwanda hakikufa chenyewe," Mama Pacha aliniambia tukiwa bombani. "Kimeuliwa."

Nilikuwa na mtoto mgongoni na beseni la nguo mbele yangu. Nikamwuliza nani huyo mwenye nguvu za kuua kiwanda cha viatu. Akavuta midomo kuelekea chumba cha mwisho uani, kile chenye pazia la bluu, kisha akainama kana kwamba anasuuza.

"Mwenye pazia lake. Miaka yote anaimba mafuriko yanakuja, mafuriko yanakuja. Haya, yamekuja. Kiwanda kimefungwa, waume zetu wako ndani wanahesabu mbao za dari, na yeye kapandishwa cheo. Wanasema kapewa meza yenye droo za kufunga kwa ufunguo. Mtu hana mume, hana mtoto, hana hata paka. Akipiga magoti unadhani anaomba nini? Anaomba sisi tukose. Na tulipokwenda kudai mafao yetu, katufungia majina tusipate hata hicho kidogo."

"Mbona leo hajaenda kazini? Nimemwona amekaa mlangoni."

"Basi kapewa na likizo!"

Umbea wa uani kwetu ndivyo ulivyo. Ukiuziba huku unatokea kule, tena umenenepa. Mimi nilijua kwamba yule mama hana cheo tena, kikubwa wala kidogo. Nilijua pia majina yetu yalifungwaje, kwa sababu siku yanafungwa nilikuwa nimekaa ubavuni pake nikinyonyesha.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho chake tu. Uani alikuwa Mafuriko. Wakubwa walimwita hivyo nyuma yake, watoto walimwita hivyo mbele yake, naye alikwisha kuzoea akawa anaitika. Mimi peke yangu nilimwita shangazi, ingawa hatuna udugu. Nilihamia pale nikiwa na mimba ya miezi ya mwisho, mama yangu yuko mbali, na yeye ndiye aliyenishika mgongo uchungu uliponianza. Baada ya hapo sikuweza kumwita kwa jina la utani.

Alikuwa karani katika ofisi ya mafao ya waliokosa kazi. Ukiwa umeajiriwa unakatwa kidogo kwenye mshahara, na siku ukiachishwa unakwenda pale na karatasi zako, unadai, unapewa cha kujikimu miezi michache mpaka upate pengine pa kushika. Siku za kawaida watu walikuja mmoja mmoja, wanyonge, kama wagonjwa wa meno. Makarani wenzake walikunywa chai mpaka inapoa. Yeye hakutulia. Kichwani mwake kulikuwa na siku moja tu, siku ambayo watakuja wote kwa mkupuo.

Akirudi kazini alikuwa anatuhubiria. Kwamba kiwanda kikifungwa, mashine zao zitakata pumzi kabla ya saa nne. Kwamba lango ni jembamba. Kwamba kitundu kwenye kioo cha dirisha kimewekwa chini mno, mtu mzima anainama kama mwizi wa mayai ili aseme jina lake. Alisumbua mpaka fundi akaja akakipandisha kile kitundu. Alisumbua mpaka mabenchi yakaletwa, kamba za kupanga foleni zikaletwa, mtungi wa maji ukawekwa kivulini. Aliwafundisha wafagizi na dereva wa mkuu kuandika madai mepesi, ili siku hiyo ikifika kila mwenye vidole viwili awe karani.

Watu walimcheka hadi machozi. Mume wangu, ambaye alikuwa mkata soli pale kiwandani, alikuwa akimwona anaingia langoni anapaza sauti, "Mama, hali ya hewa ikoje leo?"

"Mawingu," anajibu, wala hatabasamu, anapita.

Basi uani kote ni kicheko. Wengine hawakucheka. Walisema anatuchuria, anatuitia mabaya kwa mdomo wake. Hata mkuu wake wa ofisi alimwambia mbele ya wenzake, "Mama, kiwanda kinapiga kazi usiku na mchana, wewe unakiona kimekufa. Huo mdomo wako uufunike." Neno hilo la uchuro lilimwuma. Mengine yote aliyabeba, lakini kuitwa mchuro kulimwuma, kwa sababu alijua lilikoanzia. Mwanamke asiye na mtoto akisema jambo baya, watu husema ametamani.

Siku moja, akiwa amempakata mwanangu, alinieleza sababu ya yale mahangaiko yake. Zamani, akiwa msichana mgeni kazini, kiwanda cha chupa kilifungwa na watu wote wakaja asubuhi moja. Yeye alikuwa dirishani.

"Nilikuwa nasema 'anayefuata', anakuja. Nasema 'anayefuata', anakuja. Nilijiona hodari. Kumbe nje kuna baba amebanwa na lango, na kila nikisema anayefuata watu wanasukuma. Jioni ndipo nikaambiwa. Mimi ndiye niliyekuwa ninawasukuma, mwanangu. Kwa mdomo wangu huu."

Yule baba alifia pale langoni, kitambulisho kikiwa mkononi. Tangu siku hiyo hakusema tena anayefuata. Alikuwa anasema karibu.

Sasa niieleze Jumamosi yenyewe.

Makao makuu yao walikubali hatimaye kuwapa mashine mpya, wakaleta na mtaalamu wa kompyuta, mwanamume mwenye tai fupi na harufu nzuri, aliyekuwa akimwita kila mtu "kiongozi". Mafuriko akasema mashine bila watu haijapimwa. Yafanywe mazoezi. Walete watu, wapange foleni, wadai kama wanaodai kweli, ndipo itajulikana pa kuziba. Mtaalamu akasema mashine haikubali jina la kubuni, imeunganishwa na ofisi ya vitambulisho, kwa hiyo waje watu wenye vitambulisho halali.

Angewapata wapi? Akaja kwetu. Alisimama katikati ya uani na mkoba wake kwapani, akatubembeleza sisi tuliokuwa tunamcheka. Soda zipo, mkate upo, usafiri upo. Mjifanye kiwanda kimefungwa.

"Kwa hiyo nikalie mafao na bado nina kazi?" mume wangu akauliza.

"Ulie kwa sauti. Nataka dirisha lizoee kelele."

"Kwa soda mbili nitalia mpaka nizimie."

Tulikwenda wote, na nyumba za jirani pia. Nasema ukweli, ilikuwa siku ya furaha kubwa kuliko harusi nyingi nilizoona. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alitoa kitambulisho chake, akajidai ameachishwa kazi, ili watu waone hakuna cha kuogopa. Kisha akaingia ndani akakaa dirisha la kwanza, akanivutia kiti kando yake kwa sababu mtoto alikuwa ananyonya na benchi za nje zilikuwa na jua.

Mume wangu alipofika dirishani alijitupa chini. "Karani! Nimefukuzwa! Mke wangu anatafuna soli!"

"Ulifukuzwa kwa kosa gani, baba?" Mafuriko akamwuliza, amekaza uso kikazi.

"Uzuri! Nilikuwa nawavuruga wanawake wa idara ya gundi!"

Watu hoi. Mama Pacha alidai mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara moja kwa kitambulisho cha mumewe akajifanya ndiye yeye, akatembea kwa kupanua miguu. Hata mlinzi alikaa chini kwa kucheka. Na mashine hazikukata pumzi. Mkuu wa ofisi alipiga picha akiwa katikati yetu na soda yake, na baadaye tukasikia amesifiwa na wakubwa kwa ubunifu wake. Wake yeye, mkuu.

Jioni watu walipoondoka, yakabaki yale madai yote ndani ya mashine. Yalitakiwa yafungwe, maana yakiachwa wazi yangeanza kulipwa. Mtaalamu alikuwa ameshavaa koti, funguo za gari zinacheza kidoleni. Akamwonyesha Mafuriko pa kubonyeza, mashine ikauliza sababu ya kufunga. Niliziona zile sababu, nilikuwa nimekaa palepale na mtoto akinyonya. Mdai amefariki. Mdai amehama nchi. Madai si ya kweli.

"Mbona hakuna mazoezi?" Mafuriko akauliza.

"Kiongozi, chagua yoyote. Jumatatu nafuta kila kitu, kunakuwa kama hapakutokea jambo."

"Nitawaandikaje hawa wamefariki? Wamekunywa soda mbele yangu saa hii."

"Basi usiwaandike wamefariki."

Akaondoka. Mafuriko alikaa akiangalia kioo cha mashine. Kidole kilikuwa juu ya "amefariki", kwa sababu mtaalamu alishamwambia kuwa ndiyo ya kwanza na ndiyo ya haraka, ukiibonyeza yanafungwa yote kwa pamoja. Akakiondoa. Akanigeukia.

"Wananiita mchuro. Halafu niketi hapa nimwue mumeo, nimwue Mama Pacha, niwaue wote kwa kidole kimoja? Hapana. Kuhama hawajahama. Hili la tatu ndilo la kweli. Madai si ya kweli. Si ni kweli si ya kweli?"

"Ni kweli, shangazi," nikamjibu.

Basi akaanza kufunga, jina baada ya jina, polepole, kwa uangalifu uleule wa kukunja nguo za mtoto. La kwake pia.

Jumatatu mtaalamu hakufuta. Nasikia alihamishiwa kazi nyingine, au alisahau, au aliyetakiwa kumkumbusha alidhani amekwisha kufuta. Sijui. Sisi tuliendelea kuikumbuka ile Jumamosi kwa soda zake.

Kiwanda kilifungwa katikati ya mwezi. Wafanyakazi walikuta lango lina mnyororo na karatasi imebandikwa. Mume wangu alirudi na kisu chake cha kukatia soli kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya kabati, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

Kesho yake walikwenda ofisi ya mafao wote kwa mkupuo, kama alivyosema. Nilimsindikiza mume wangu kwa sababu sikupenda alivyokuwa kimya. Mafuriko yalikuwa yamefika kweli, watu mpaka ng'ambo ya barabara. Lakini hakuna aliyebanwa. Kamba zilishika, mabenchi yalisogea, wafagizi na dereva wa mkuu walikuwa madirishani wanaandika kama waliozaliwa na kalamu. Maji yalikuwepo. Yule mama alikuwa anapita katikati ya foleni akiwa na sauti ya upole, karibu, karibu, uso umemng'aa, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mwanamke mzuri. Watu wa mitaa ya mbali walihudumiwa wakatoka wamepewa tarehe ya kulipwa.

Mume wangu alifika dirishani, safari hii amesimama wima. Kwenye dirisha alikuwa dereva wa mkuu. Akaandika namba ya kitambulisho, akaangalia kioo chake, akaangalia tena.

"Wewe umezuiwa."

"Nimezuiwa na nani?"

"Hapa panasema uliwahi kudai kwa uongo. Mtu wa hivyo hadai tena miaka mitano." Kisha, kwa kuwa kitundu sasa kilikuwa juu na sauti yake nzito, foleni nzima ikasikia, "Ndugu, tupishe. Kuna watu wenye shida za kweli hapa."

Kuna aliyecheka nyuma. Kuna aliyesema, "Wezi kama hawa ndio wanaomaliza fungu." Mume wangu alishika ukingo wa dirisha akaanza kueleza, ilikuwa mazoezi, tulipewa soda, mwulizeni mama yule. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Mlinzi, yuleyule aliyekaa chini kwa kucheka, alimshika kola akamtoa. Hakutaka kumjua. Nyuma yetu akaitwa Mama Pacha, naye akazuiwa mara mbili, kwa jina lake na la mumewe. Akafuata wa chumba cha tatu. Mtaa wetu wote, kila aliyekwenda kusaidia siku ile, alitolewa mmoja mmoja mbele ya watu kama kunguni anavyotolewa kwenye godoro.

Nilimwona Mafuriko amesimama katikati ya foleni na mkono mdomoni. Kisha akakimbilia ngazi za kwenda kwa mkuu wake.

Mkuu hakutaka kusikia. Alimwambia watu wamejaa nje, kazi inakwenda vizuri, makao makuu wanapiga simu za pongezi, na yeye anataka kusimamisha mashine kwa ajili ya mtaa mmoja? Alipong'ang'ania akamwambia aandike kwa mkono wake kwamba kosa ni lake, na majina yatafunguliwa. Akaandika hapohapo. Mkuu akakunja ile karatasi, akamshukuru, na kabla jua halijazama akamwachisha kazi kwa uzembe. Majina hayakufunguliwa. Hiyo ndiyo likizo aliyosema Mama Pacha.

Kuanzia siku ile uani pakawa hapakaliki kwake. Maji machafu yalimwagwa mlangoni pake kila asubuhi, na kila asubuhi aliyafagia. Watoto wakabuni mchezo. Mmoja anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wenzake wanapanga foleni, kila anayefika anaambiwa, "Umedanganya! Toka!" anasukumwa, anaanguka, wanafurahi. Waliucheza mbele ya pazia lake. Wazazi walikuwa wamekaa pale na hakuna aliyewakataza. Mimi niliwaambia wahamie kwingine, Mama Pacha akaniuliza kama nimeajiriwa kulinda dirisha.

Nilijaribu kumweleza mume wangu. Nikamwambia nilikuwepo, yule mwenye tai ndiye aliyemwambia achague yoyote, na alichagua lile kwa kutotaka kutuchuria. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwepo," akasema. "Ulimwona anaandika mimi mwongo, na wewe umekaa unanyonyesha."

Sikumtajia tena habari hiyo. Alikuwa amebadilika. Alikuwa anatoka alfajiri kutafuta mizigo ya kubeba, anarudi mikono mitupu, anatukana kikombe kwa kuwa kikombe. Mimi chakula kilikuwa cha kubahatisha, na maziwa yakaanza kunipungua. Mtoto alikuwa akishika ziwa ananyonya kidogo, anaachia, ananiangalia, kisha analia. Kile kilio cha kuniangalia kwanza ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Mafao yale yangefunguliwa tungevuka. Yasipofunguliwa sikujua tungevukaje.

Mafuriko alisikia kile kilio kupitia ukuta. Siku moja mchana akaja na sufuria ya uji, ameifunika kwa sahani, ameishika kwa kanga. Mume wangu alikuwa kizingitini. Aliipokea kwa heshima zote, mpaka nikadhani amelainika. Akaifunua, akanusa, kisha akaumwaga ule uji chini, taratibu, katikati ya miguu ya yule mama.

"Mimi ni mwongo kwa maandishi ya serikali," akamwambia. "Mwongo hali uji wa mkweli."

Uani wote walikuwa wanatazama. Mama Pacha akapiga makofi, si kwa nguvu, mara chache tu. Mafuriko aliinama akaokota sufuria yake. Uji ulikuwa wa moto, ulikuwa umemrukia kwenye vidole vya miguu, na sikumwona akiupangusa. Mwanangu alikuwa analia ndani.

Kesho yake likaja gari jeupe. Akashuka afisa kutoka makao makuu, mpole sana, viatu vyake vilikuwa vya ngozi halisi, najua kwa kuwa mke wa mkata soli hutazama viatu kwanza. Aliingia chumba cha mwisho akakaa humo muda, akatoka, akatuaga sote kwa adabu. Gari lilipoondoka, pazia la bluu likafunuka na Mafuriko akaniashiria kwa kichwa.

Nilikwenda. Mume wangu hakuwepo, na waliokuwepo waliniangalia nikivuka uani kama ninayekwenda kukopa sumu. Ndani alikuwa amepanga kila kitu. Nguo ziko kwenye sanduku, sahani zimefungwa kwenye shuka. Akamchukua mtoto akampakata kama zamani, naye mtoto akanyamaza.

"Unahama, shangazi?"

"Ninahamishwa. Kaa, mwanangu. Nina maneno machache."

Akanieleza alichoambiwa. Yule afisa alimwambia majina yetu yana njia mbili. Ikiwa ni kosa la ofisi, basi mashine yote imetiliwa shaka, kila dai lililowahi kuingia litakaguliwa, na sisi tutasubiri mpaka ukaguzi uishe, mwaka, au zaidi ya mwaka. Lakini ikiwa karani alifanya makusudi, kwa chuki na majirani zake, basi hilo ni la polisi. Mashine haina lawama, ofisi haina lawama, na waliodhulumiwa wanafunguliwa majina siku hiyohiyo.

"Unajua alisemaje hasa? Alisema, 'Mama, kosa linataka ukaguzi. Uovu ni shughuli ya asubuhi moja.' Na aliyasema vizuri, kijana wa watu. Hata chai alikunywa."

"Lakini hukufanya makusudi."

"Niliandika kwa mkono wangu kwamba ni kosa. Sasa nimeandika tena kwamba si kosa." Alikuwa anampapasa mtoto nywele za kisogoni. "Nimesema mlinicheka, mkanisimanga kwa kukosa mtoto, nikatafuta pa kulipizia. Akasema ni sawa, inaingia akilini. Imemwingia haraka mno, mpaka nimeona aibu."

"Watakufunga, shangazi. Na haki zako za kustaafu?"

"Zinakwenda. Na lile jina langu la kudai nilishalifunga mwenyewe siku ile, unakumbuka? La kwanza kabisa." Akacheka kidogo puani. "Nilitaka msiogope."

Nje wale watoto walikuwa wameanza tena mchezo wao wa ndoo. Alingoja mmoja aanguke, wamalize kufurahi, ndipo akaendelea.

"Maneno yangu peke yake hayatoshi. Nimeshaandika mara mbili na hayafanani, wanaweza kusema nimechanganyikiwa, na mkuu wangu angependa sana nionekane nimechanganyikiwa. Wanataka mmoja wa waliodhulumiwa aliyeniona kwa macho yake. Siku ile ndani tulikuwa watatu. Yule mwenye tai hawezi kuja, akija ni lazima aseme kuhusu Jumatatu yake. Umebaki wewe."

"Unataka nikasimame niseme uongo juu yako? Mimi?"

"Usipokwenda, nimnyonyeshe mimi huyu? Maziwa yangu yako wapi?" Aliniuliza taratibu, bila ukali, na mtoto kwa kusikia sauti yake alianza kutafuta kifuani kwake, akakuta nguo, akaanza kulalama. Akanirudishia. Nilimpa ziwa. Alinyonya kidogo, akaachia, akaniangalia.

Mafuriko alikuwa anatutazama wote wawili. Kisha akanishika goti.

"Kamati yao ya kusikiliza shauri hili inakaa kesho saa tatu. Usiende na mumeo, ataharibu kwa hasira. Nenda peke yako na mtoto, umfunge vizuri, wamwone alivyokonda. Watakuuliza nilifanya nini, useme uliniona nikiwafunga mmoja mmoja, wala hapo hujasema uongo. Watakuuliza yule mtaalamu aliniambia nini, useme alishaondoka. Na watakuuliza nilikuwa na uso gani. Hapo ndipo watakapoangalia sana, mwanangu, kwa hiyo usibabaike. Useme nilikuwa ninacheka."